Neno la Kumlaza Mot

Blaen-nant
9 Mei 1955

Baba mpenzi,

Mama ananiambia nianze kwa kusema kwamba sote hatujambo, na kweli hatujambo. Ng'ombe wanakamuliwa, viazi vimeota, na mvua haijatupa hata siku moja ya kuanika nguo. Hayo ni ya Mama. Yangu ni mabaya.

Jumatano mbwa wako Mot alimuua kondoo wa jirani yetu, Ifan wa Hafod. Hakumng'ata. Nilimpeleka mlimani kuwarudisha kondoo wetu waliovuka kijito, akamkuta jike wa Ifan na mwanawe, akaanza kuwasukuma kuelekea lile genge lililo juu ya ziwa. Nikasema lala. Nikasema tena. Nikapiga kelele mpaka kunguru wakaruka. Baba, aligeuka akanitazama kama mtu anayengoja nianze kusema, kisha akaendelea na kazi yake. Yule jike akarudi nyuma, akarudi nyuma, halafu hapakuwa tena na mahali pa kurudi. Mtoto wake alisalia juu akilia.

Jana majirani walikaa baada ya kanisa. Sheria ya mlima unaijua kuliko mimi: mbwa anayepeleka kondoo gengeni, hukumu yake ni bunduki. Ifan ndiye aliyesimama kumtetea, usidhani ni mchezo, na kondoo alikuwa wake. Alisema, "Emlyn amelazwa, na huyu ni mtoto wa Nel, mbwa hodari tuliyemjua sote. Tumpe mpaka siku ya kukusanya kondoo, Septemba. Siku hiyo asipolala kwa neno moja, nitampiga risasi mwenyewe, na sitamwomba mtu radhi."

Nimefanya kazi posta miaka minane, najua kugonga mihuri. Mbwa sijui. Nifundishe.

Mwanao,
Tegwen

Hospitali ya Kifua
14 Mei 1955

Mwanangu Tegwen,

Nimesoma barua yako mara tatu, na muuguzi akaninyang'anya kwa sababu moyo ulikuwa unanienda mbio. Hapa haturuhusiwi kuwa na moyo. Tumelazwa barazani watu ishirini, kitanda kwa kitanda, tukitazama mawingu kama kondoo wagonjwa.

Sasa sikiliza. Mbwa hafundishwi kwa hasira wala kwa huruma, hufundishwa kwa kurudia. Dakika kumi asubuhi, dakika kumi jioni, kila siku aliyoiumba Mungu. Hata Jumapili, ila mchungaji wa kanisa asijue. Chukua wale kondoo watano wazee wa zizi la juu, wasio na haraka na maisha. Neno ni moja, lala, na unalisema mara moja. Ukilisema mara mbili umemfundisha kwamba la kwanza ni la bure. Akilala, mruhusu awaendee kondoo tena. Hiyo ndiyo zawadi yake, si nyama, na mama yako aache kumtupia mafuta mlangoni. Asipolala, tembea mpaka alipo, mlaze kwa mkono, rudi ulipokuwa. Usimpige. Na uache wakati yeye bado anataka.

Kwangu amelala kwa neno moja tangu Novemba. Sijawahi kulirudia. Muulize Ifan, aliona kwa macho yake.

Kifua changu ni kizima kuliko wanavyodai madaktari. Mwambie mama yako hivyo.

Baba yako,
Emlyn

Blaen-nant
12 Juni 1955

Baba mpenzi,

Wiki nne. Nimehesabu vipindi hamsini na tatu, na ile Jumapili ya mafuriko nayo imo. Nimefanya kila ulichosema, kwa mpangilio uliousema. Nikiwa karibu naye kiasi cha kumgusa, analala. Nikirudi hatua ishirini, neno langu linampita kama upepo. Ananikodolea macho, masikio juu, anangoja. Anangoja nini, Baba? Kila siku naona kuna kitu anakitaka kwangu na sina.

Nilimuuliza Ifan, akakiri. "Kwa baba yako alikuwa anadondoka kama gunia. Niliona kutoka ng'ambo ya bonde." Halafu akanipiga begani. "Binti Emlyn, huyo ana msiba. Anamngoja mwenyewe."

Mama anasema ukome kumtumia ujumbe kuhusu kifua chako kupitia kwangu. Ana macho, na ulipoondoka alikuona ulivyokonda.

Mwanao,
Tegwen

Hospitali ya Kifua
17 Juni 1955

Mwanangu,

Mbwa hana msiba. Msiba ni wa binadamu, mbwa ana mazoea tu. Ifan aache kuhubiri.

Nadhani nimejua kosa lako. Unasema lala kwa sauti ya posta, kama unamuuliza mtu anataka stempu ngapi. Mimi husimama imara, huvuta pumzi mpaka tumboni, nikaijaza vizuri, ndipo nikasema. Jaribu hivyo. Na ukweli niambie: unalirudia, sivyo? Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukisema kila kitu mara mbili.

Baba yako,
Emlyn

Blaen-nant
1 Julai 1955

Baba,

Silirudii. Naapa kwa Biblia ya Bibi. Navuta pumzi mpaka naona kizunguzungu. Natumia sauti ya posta, sauti ya kanisani, sauti ya Mama anapoona matope sakafuni. Leo amewapitisha kondoo wako wazee kwenye ufa wa ukuta na mmoja amechanika paja. Nimekaa kwenye majani mabichi nikalia, naye akaja akaniwekea kichwa mapajani. Mbwa mwema, mpumbavu, nampenda, na Septemba watamuua mbele yangu.

Nakuuliza kwa mara ya mwisho. Kulikuwa na kitu kingine ulichokuwa ukifanya? Kofia, fimbo, mkono, chochote?

Tegwen

Hospitali ya Kifua
5 Julai 1955

Mwanangu mpenzi,

Hakuna kingine. Nimelala hapa siku tatu nikijipekua, hakuna.

Basi inatosha. Umefanya zaidi ya watu wengi waliozaliwa na fimbo mkononi. Sitaki afe mlimani mbele ya watu wote, wewe ukiwa umesimama pale. Nimemwandikia Ifan aje mapema, asubuhi moja, afanye kwa upesi kama nilivyomfanyia mbwa wake mwaka ule. Usiwepo. Nenda mjini na mama yako mkanunue kitambaa.

Kosa ni langu, niliyemwachia mtu mwingine mbwa aliyefundishwa nusu. Nisamehe.

Baba yako,
Emlyn

Blaen-nant
11 Julai 1955

Baba,

Mot yuko hai. Naanza na hilo ili moyo wako usikuletee matatizo na muuguzi.

Ifan amekuja leo asubuhi, barua yako mfukoni, bunduki begani, hakuweza hata kunitazama. Sikwenda mjini. Nilikuwa na mafua tangu Ijumaa, nilinyeshewa nikitafuta kondoo, nimevaa koti lako kubwa. Nikamwambia, "Niache nimtume mara moja ya mwisho. Afe akiwa amefanya kazi." Akasema, "Haya, binti. Mara moja."

Tukapanda zizi la juu. Nikamtuma, akawazunguka wale wazee, upande ule wa mbali kabisa, hatua mia mbili hivi. Nikavuta pumzi mpaka tumboni kama ulivyoniagiza, na kabla sijatamka neno kikohozi kikanibana. Nikakohoa mpaka nikainama.

Nilipoinua kichwa, Mot alikuwa amelala. Chini kabisa, kidevu kwenye majani.

Nilidhani amejikwaa. Ifan akasema polepole, "Rudia." Nikamwita, nikamtuma tena, nikakohoa. Akadondoka kama gunia. Mara ya tatu, ya nne, mpaka koo likauma. Kila mara, Baba. Nikasema lala bila kukohoa: hata sikio halikutikisika.

Ifan akatoa risasi bundukini akazitia mfukoni. Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimelifikia bado, maana nilikuwa nacheka na kulia pamoja. "Emlyn alikuwa anakohoa hivyo tangu lini?"

Nyumbani hatukukusikia ukikohoa hata siku moja mpaka Februari, ile siku ya damu.

Ifan anasema ule muda wa Septemba unabaki palepale. Mimi nangoja jibu la swali lake.

Tegwen

Hospitali ya Kifua
14 Julai 1955

Tegwen,

Achana na mbwa. Unakohoa tangu lini? Kikavu au kina makohozi? Unatoka jasho ukilala? Nenda kwa daktari leo unaposoma hii, usingoje siku ya soko. Lile gari la picha za kifua linakuja mjini wiki ijayo, nendeni wote wawili, wewe na mama yako. Na hilo koti langu livue ulichome.

Nitasema sasa, maana nisiposema nitapasuka. Kilianza Oktoba. Sikutaka mama yako asikie. Mjomba wake alikwenda hospitali kama hii akarudi ndani ya sanduku, na mimi nilijua akisikia kikohozi kimoja tu atamwona yule mjomba kila akinitazama. Kwa hiyo nikawa napanda zizi la juu. Niliwaambia nakwenda kumfundisha mbwa, na kweli nilimfundisha, lakini nilikwenda kukohoa. Kila nilipovuta pumzi kusema, kikohozi kilitangulia, neno likafuata. Sikujua kwamba yeye anasikiliza lile la kwanza. Nilikuwa najisifu kwa neno moja, kumbe kitu pekee nilichokifanya kila siku bila kukosa kilikuwa kukohoa.

Sasa nalala hapa nikiwaza kwamba nimemwambukiza mwanangu mezani, kwa aibu yangu. Niandikie haraka. Hata mstari mmoja.

Baba

Blaen-nant
29 Julai 1955

Baba mpenzi,

Picha zimekuja leo. Mimi safi. Mama safi. Daktari ameniandikia kwa herufi kubwa kama ninavyokuandikia: SAFI. Yangu yalikuwa mafua, yamekwisha. Mama alikaa kwenye kiti cha jikoni na barua mkononi nusu saa nzima, kisha akainuka akaoka mikate mitatu ya zabibu, sijui wa kuila ni nani.

Sasa uniruhusu nikasirike, maana nilijizuia mpaka picha zije. Miezi minne ulipanda na kushuka kile kilima ukikohoa kwenye leso na sisi tuko chini tunamenya viazi! Nimemsomea Mama barua yako yote. Kisha akasema, "Mwambie wazee hawakukosea, mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye ana bahati, ameumbuliwa na mbwa." Halafu akalia, Baba, kwa hiyo usicheke sana. Anasema angependelea kukuogopea miezi minne kuliko kucheka bila kujua.

Koti sikulichoma. Daktari amesema lifuliwe, lianikwe juani. Jua tutalitafuta.

Tatizo lililobaki ni hili. Siwezi kukusanya kondoo mlima mzima kwa kukohoa. Na Mot analala kwa kikohozi cha mtu yeyote. Mama akisafisha koo jikoni, yeye anadondoka kizingitini na Mama anajikwaa. Juzi Ifan alikohoa moshi wa kiko chake pale ukutani, Mot akalala, na Ifan akavimba kichwa: "Umeona anavyoniheshimu?" Nimebakiwa na wiki saba. Nifanyeje?

Mwanao mzima,
Tegwen

Hospitali ya Kifua
3 Agosti 1955

Mwanangu mzima,

Nimeiweka barua yako chini ya mto. Muuguzi amenipima moyo na kusema umetulia kuliko siku yoyote tangu nije, akadhani ni dawa yake.

Mwambie mama yako nimesikia. Ana haki. Sitaandika zaidi ya hapo, atanielewa.

Kuhusu Mot. Usimfute anachokijua. Mpe kipya kitangulie cha zamani. Sema lala, hesabu moja kimoyomoyo, kisha kohoa. Neno kwanza, kikohozi baadaye, daima. Siku kumi hivyo, asubuhi na jioni. Yeye si mjinga: atachoka kungoja, atalala neno likimfikia. Akishafanya hivyo mara tano mfululizo, punguza kikohozi. Kiwe kidogo, kisha kusafisha koo tu, kisha pumzi, kisha hakuna. Ukiona anasita, umepunguza haraka, rudi hatua moja. Likishakaa kwenye zizi la juu, lipeleke uani, kijitoni, barabarani lori la maziwa linapopita, na mlimani mwisho. Mbwa anayejua neno uwanja mmoja tu hajalijua.

Na mara hii lifundishe kwa sauti yako mwenyewe. Ya posta inafaa. Natamani kuicheka tena.

Baba yako,
Emlyn

Blaen-nant
17 Septemba 1955

Baba mpenzi,

Jana ndiyo ilikuwa siku. Nakuandikia miguu yangu ikiwa kwenye beseni la maji moto.

Tulipanda alfajiri, watu wanane na mbwa kumi na mmoja, tukajipanga mstari mmoja mlimani kama kawaida. Ukungu ulikuwa mzito mpaka saa tatu. Nilikuwa nimemwomba Ifan aache kiko nyumbani, na alikiacha. Mkewe anasema tangu harusi yao hajawahi kutoka bila kiko. Bunduki alikuja nayo. Sikumlaumu, neno lake ni neno lake.

Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka pale ziwani. Majike sita wa Ifan wakavunja mstari na watoto wao wakakimbilia genge, lilelile, na Mot akawafuata kabla sijamtuma. Ukungu ukafunguka nikaona wote: yeye kwa nyuma ameinamisha kichwa, wao wamesimama ukingoni, mmoja mguu wa nyuma unatafuta udongo. Ifan alikuwa juu upande wa kushoto. Nilisikia akifungua bunduki kutia risasi. Kifua kilitaka kukohoa chenyewe, kwa woga tu. Nikakizuia. Nikasema, "Lala."

Mara moja. Kwa sauti ya posta.

Akalala. Hapo hapo, kwenye maji ya matope, na kondoo hatua tatu mbele ya pua yake, kila mfupa wake ukitaka kwenda. Hakwenda. Tulibaki hivyo, sijui muda gani. Majike wakamtazama, wakaona hakuna anayewasukuma, wakageuka mmoja mmoja wakapita pembeni yake kurudi juu. Wa mwisho alimkanyaga mkia.

Ifan alishuka akasimama kando yangu. Bunduki ilikuwa wazi na tupu. "Mbwa wangu mzee asingelala pale," akasema. "Na mimi mwenyewe nisingekuwa na akili ya kusema mara moja." Kisha akakohoa, maskini, kwa kuwa alikuwa amejibana tangu asubuhi. Mot alitikisa sikio. Hakujilaza zaidi, maana alikuwa amekwisha lala.

Tulikula kwao Hafod, nyama ya kondoo na viazi, na mke wa Ifan akampa Mot kipande cha mafuta. Sikumkataza. Unisamehe.

Nimefurahi mpaka nimechoka.

Mwanao,
Tegwen

Hospitali ya Kifua
12 Oktoba 1955

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako kwa sauti barazani, kitanda kwa kitanda. Mzee wa machimbo ya mawe aliye jirani yangu, ambaye hajasema neno tangu Agosti, ameniomba niirudie pale kwenye mkia.

Jingine. Makohozi yangu yamepimwa mara tatu, miezi mitatu mfululizo. Hakuna kitu. Narudi Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili, basi la alasiri. Daktari anasema nisipande vilima mpaka mwaka mpya.

Baba yako,
Emlyn

Mezani, Jumatatu, 24 Oktoba

Tegwen,

Mmekwenda kukamua, nimewakuta hamko. Nimerudi sasa hivi kutoka zizi la juu. Nilipanda polepole nikipumzika kila ukuta. Mwambie mama yako. Mwambie kwamba nilipanda, na kwamba daktari alikataza, asije akajua kwa mtu mwingine.

Nilimtuma Mot kwa wale wazee. Nikasimama imara, nikavuta pumzi mpaka tumboni kama zamani, na hapo nikasita, kwa sababu hapo ndipo kilipokuwa kikija. Yeye naye alisimama akanitazama. Tulikingoja wote wawili. Hakikuja. Nikasema lala, mara moja, na akalala, na kulikuwa kimya kabisa mlima mzima.

Nimeweka birika motoni. Njooni tunywe chai.

Baba